Kinasimamishwaje? Miaka yangu mitatu na vitabu vya vinu vya maji na vya upepo

Swali lilitoka kwa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alipokuwa na miaka tisa. Tulikuwa tumekaa tunafunua kitabu changu kikubwa cha picha za vinu vya zamani. Aliweka kidole kwenye gurudumu la maji lililosimama ubavuni mwa nyumba ya mawe, kisha akakihamishia ukurasa wa pili, kwenye mawe mawili ya kusagia, moja limelalia jingine.

"Mjomba," akasema, "hili limesimama na haya yamelala. Sasa linayazungushaje?"

Kitabu kile nilikuwa nacho kwa miezi minne. Nilishakisoma chote, na picha zake nilizijua zinavyofuatana. Jibu sikuwa nalo, na kitabu hakikuwa nalo pia. Tulilitafuta pamoja ukurasa kwa ukurasa mpaka akachoka, akaenda kucheza. Mimi nikabaki pale na fadhaa. Nilikuwa nimekilipia fedha nyingi, tena gharama ya kukisafirisha ilizidi bei ya kitabu chenyewe kwa uzito wake, na swali la kwanza la mtoto likanishinda.

Ilinichukua miaka mitatu kuijua njia ya kusoma vitabu hivi. Ingewezekana kwa mwaka mmoja kama ningepata mtu wa kuniambia mapema haya ninayoyaandika.

Kosa la kwanza lilikuwa kuchagua kwa jalada. Kinu cha upepo ni kitu kizuri kukitazama, na wachapishaji wanalijua hilo. Kwa hiyo vitabu vingi vimejaa picha za jioni, mapanga yamenyooshwa mbele ya mawingu, gurudumu limeota ukoka. Ndani unakuta jina la kinu, mwaka kilipojengwa, mwaka kilipoacha kazi. Basi. Aina ya pili ni vitabu vya historia: nani alimiliki kinu, nani alilazimishwa kusagia kwake, sheria gani ilitungwa, mto uligawanywaje. Aina ya tatu ni vitabu vya ufundi, navyo mara nyingi havivutii macho, vina michoro ya mistari na majedwali ya meno ya gia. Kitabu kinachofanya kazi mbili kati ya hizo kwa ukamilifu ni nadra, na cha kufanya zote tatu mimi sijakiona. Ukiwa na swali la ufundi mkononi na kitabu cha historia mezani, utamlaumu mwandishi bure.

Jibu la mpwa wangu nililipata mahali ambapo sikutarajia, kwa Vitruvius, Mrumi aliyeandika kuhusu ujenzi katika karne ya kwanza kabla ya Kristo. Kwenye kitabu chake cha kumi anaeleza kinu cha maji kwa sentensi chache tu: kwenye ncha ya shafti ya gurudumu pamefungwa gia iliyosimama wima, meno yake yanaingia kwenye gia nyingine iliyolala, na hiyo iliyolala ndiyo inayobeba jiwe. Nilisoma mara tatu. Nikachukua penseli nikachora, na mchoro ukakubali. Jambo lililonihangaisha wiki nzima lilikwisha kuandikwa miaka 2,000 iliyopita, kwa maneno ambayo mtoto angeyaelewa. Nilimpigia simu dada nikamwomba aniitie kijana.

Tangu siku hiyo nikawa na daftari, na hapo ndipo nilipokutana na ugumu wa pili: maneno. Mafundi wa vinu wana lugha yao katika kila nchi, na kamusi ya kawaida haikusaidii, pengine hata inakupoteza. Nilisoma kwenye kitabu kimoja cha Kiingereza kwamba nafaka hutikiswa na kitu ambacho kamusi yangu ilikitafsiri kuwa "mwanamwali". Nikaamini, kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri, kwamba palikuwa na msichana aliyeajiriwa kusimama kando ya mawe na kutikisa chombo cha nafaka. Kumbe ni kipande cha shafti chenye pembe nne kinachozunguka pamoja na jiwe la juu. Kila pembe inakigonga kihori kidogo kilichoning'inia chini ya faneli, na nafaka inadondoka kidogo kidogo kwenye tundu la jiwe. Jiwe likienda kasi, kinagonga haraka na nafaka inaongezeka. Jiwe likipunguza mwendo, nafaka inapungua. Mashine inajilisha yenyewe kwa kadiri ya nguvu iliyonayo! Nilipoielewa hiyo sehemu nilisimama nikatembea chumbani.

Kwa hiyo usitafsiri neno kabla hujaona mchoro wake. Mimi hugawa ukurasa wa daftari mara mbili: kushoto mchoro wa mkono, kulia kazi ya kile kifaa kwa Kiswahili changu mwenyewe, na jina la kigeni naliandika chini kabisa. Baada ya vifaa 40 hivi, vitabu vya ufundi vilianza kusomeka. Kabla ya kununua kitabu, angalia pia kama nyuma kina orodha ya maneno ya ufundi yenye maelezo, na kama ndani mna angalau mchoro mmoja wa mkato unaoonyesha kinu kizima kuanzia gurudumu au mapanga mpaka kwenye gunia la unga. Kama vyote viwili havipo, hicho ni kitabu cha picha, hata jalada liseme nini.

Kwenye historia nilianguka vibaya zaidi, kwa sababu nilianguka mbele za watu.

Nilikuwa nimesoma kitabu kimoja cha zamani, kimeandikwa kwa ufasaha unaokufanya ukubali kila kitu. Kilisema Warumi walikijua kinu cha maji lakini hawakukijali, maana walikuwa na watumwa wa kusaga, na kwamba waliokieneza ni watu wa Zama za Kati. Nikaalikwa kuzungumza kwenye kikundi cha wasomaji. Nikayasema hayo kwa uhakika wote, na nilipomaliza walinipigia makofi. Mzee mmoja aliyekaa nyuma akangoja kelele zitulie, akauliza taratibu: "Mwanangu, hicho kitabu chako kina umri gani?"

Kilikuwa kimenizidi umri mimi mwenyewe. Mzee hakunidhalilisha. Alikaa nami baadaye akanieleza kwamba hoja ile ilipata umaarufu kwa makala ya mwanahistoria Mfaransa Marc Bloch, ya mwaka 1935, na kwamba ilikuwa hoja nzuri kwa ushahidi uliokuwapo siku zile. Ila tangu wakati huo wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua vinu vingi vya Kirumi, na kuanzia miaka ya 1980 wasomi kama Örjan Wikander wa Uswidi wakaukusanya ushahidi huo na kuigeuza picha. Mfano ulioniingia zaidi ni Barbegal, karibu na Arles, kusini mwa Ufaransa. Huko magurudumu 16 yalipangwa kwa safu mbili za manane, yakishuka mlima kama ngazi, maji ya gurudumu la juu yakiangukia la chini yake. Palichimbwa mwishoni mwa miaka ya 1930, na kwa miongo mingi vitabu vilipaweka mwishoni kabisa mwa enzi ya Warumi, kana kwamba walishtuka wakati watumwa wameadimika. Uchunguzi wa baadaye ukaparudisha nyuma hadi karne ya pili, wakati dola lao lilikuwa na nguvu zake zote. Mawe ni yaleyale na mlima ni uleule, lakini tarehe ilipobadilika hadithi nzima ikapinduka.

Nilirudi nyumbani nimeumia, nisifiche. Usiku huo nilitoa vitabu vyangu vyote rafuni nikaandika kwa penseli, ndani ya jalada la kila kimoja, mwaka wa toleo la kwanza. Sisemi la kwanza kwa bahati mbaya: wachapishaji hupenda kuweka mbele mwaka wa kuchapwa upya, na kitabu cha 1900 kinaweza kuonekana cha juzi. Vitabu vinne vya Richard Bennett na John Elton kuhusu historia ya usagaji nafaka, vilivyotoka kati ya 1898 na 1904, bado ni hazina ya nyaraka, nami huvirudia mara kwa mara. Lakini siku hizi nikishamaliza sura yao moja, nasoma jambo hilohilo kwenye kitabu cha baada ya 1980. Kwa gurudumu la maji, kitabu cha Terry S. Reynolds cha 1983 ndicho kilichonipanga upya akili.

Hata namba zina umri. Kila kitabu cha Uingereza kitakutajia daftari la Domesday la mwaka 1086, lililoorodhesha mali za nchi kwa ajili ya mfalme. Vile vya zamani husema lina vinu 5,624. Hesabu za baadaye zimefika zaidi ya 6,000. Tofauti inatokana na namna ya kuhesabu, kwa mfano robo ya kinu iliyoandikwa kijiji kimoja na robo nyingine kijiji cha pili. Jambo lenye uzito kwangu ni kwamba hivyo si vinu vya upepo. Ushahidi wa uhakika wa kinu cha upepo barani Ulaya unaanza miaka ya 1180, karibu karne nzima baadaye, wakati Waajemi wa eneo la Sistan walikuwa na vinu vyao vya upepo tangu zamani zaidi, vyenye shafti iliyosimama wima na jiwe limefungwa kwenye shafti hiyohiyo, bila gia hata moja. Huko Nashtifan, Iran, vya namna hiyo vipo hadi leo. Vipo pia vinu vya maji vya mtindo huo, gurudumu dogo limelala mtoni na jiwe liko juu yake moja kwa moja. Swali la mpwa wangu halina nafasi kwa vinu hivyo, na nilipomwambia alifurahi kama aliyeshinda kesi.

Ukipata nafasi ya kusoma maneno ya watu wa enzi hizo wenyewe, hata kwa tafsiri, usiiache. Kumbukumbu za mtawa Jocelin wa Brakelond zina kisa cha mwaka 1191: padri mmoja, Herbert, alijijengea kinu cha upepo, na Samson, abati, yaani mkuu wa watawa, akawaka hasira kwa sababu kingechukua wateja wa vinu vya monasteri yake. Herbert akajitetea kwamba upepo ni wa watu wote. Samson hakutaka kusikia, akaagiza kinu kibomolewe, na Herbert akawahi kukibomoa mwenyewe kabla watu wa abati hawajafika. Kurasa mbili tu, lakini zilinifundisha kuhusu kinu kama chombo cha mamlaka kuliko sura nzima za uchambuzi. Nani anamiliki upepo? Nilikuwa sijawahi kujiuliza.

Sasa nije kwenye sehemu iliyonigharimu mbao, misumari na miezi, nayo ndiyo ninayoipenda kuliko zote.

Niliamua kutengeneza kinu kidogo cha maji kwenye kijito, kwa kufuata vitabu. Nilikuwa na nakala ya kitabu cha Agostino Ramelli cha mwaka 1588, chenye michoro 195 ya mashine, na michoro ile inapendeza mno. Nikachagua mmoja wenye gurudumu linalosukumwa na maji yapitayo chini yake na gia jozi tatu mfululizo. Nilichonga jino kwa jino kwa wiki sita. Siku ya kulitia maji, gurudumu lilitikisika, likazunguka robo, likasimama. Nikasukuma kwa mkono. Likafuata mkono wangu likasimama tena.

Kitu ambacho sikukijua ni kwamba vitabu vile vya karne ya 16 vilikuwa pia maonyesho ya ubunifu mbele ya wafalme na wafadhili. Mashine nyingi mle zina gia kupita kiasi, na kila jozi ya gia inakula nguvu kwa msuguano. Tena michoro haina vipimo vya kujengea. Vitazame, ujifunze namna watu walivyowaza, ila usivichukue kama maelekezo ya kazi. Ukitaka michoro ya enzi hizo iliyo karibu zaidi na kazi halisi, mtazame Georgius Agricola, 1556, kwenye kitabu chake cha migodi, ambamo magurudumu ya maji yanavuta maji na mawe kutoka chini ya ardhi.

Aliyeniokoa ni John Smeaton. Huyu mhandisi Mwingereza alitengeneza gurudumu dogo la mfano, akapima maji yaliyoingia na uzito lililoweza kuinua, akabadilisha jambo moja baada ya jingine. Matokeo aliyawasilisha mwaka 1759 kwa Jumuiya ya Kifalme ya London, na makala yake inasomeka vizuri mpaka leo. Kabla yake, Mfaransa Antoine Parent alikuwa amekokotoa mwaka 1704 kwamba gurudumu linalosukumwa kwa chini haliwezi kutoa zaidi ya sehemu 4 kati ya 27 za nguvu ya maji, na watu wakaishika hesabu hiyo. Smeaton alipopima aliona linaweza kukaribia theluthi moja. Na gurudumu linalomwagiwa maji kwa juu, ndoo zake zikijaa na uzito wa maji ukalivuta, lilitoa theluthi mbili.

Nikarudi kijitoni na ndoo ya lita 20. Ilijaa kwa sekunde 4, maana yake lita 5 kwa sekunde. Mwendo wa maji ulikuwa kama mita moja kwa sekunde. Nikapiga hesabu ambayo ningepaswa kuipiga kabla ya kugusa msumeno: maji hayo kwa mwendo wake tu yana wati 2 na nusu, na theluthi yake haifiki hata wati moja. Lakini palepale kijito kilikuwa na kijianguko cha sentimita 60, na maji yaleyale yakianguka kimo hicho yana wati karibu 29. Theluthi mbili ni 19. Nilikuwa nimechonga meno wiki sita nikinyang'anyana na wati moja, na wati 19 zinamwagika hatua tatu kutoka nilipokaa.

Ukikumbuka jambo moja tu kutoka kwenye simulizi hii, chukua hilo: pima maji kwanza, wingi wake na kimo cha anguko, halafu ndipo ufungue kitabu kutafuta gurudumu linaloyafaa. Mafundi wote wa zamani walianzia hapo. Oliver Evans, Mmarekani aliyetoa mwongozo wake wa mafundi wa vinu mwaka 1795 kule Philadelphia, anaanza na kanuni za maji na mwendo kabla hajakupa kinu chenyewe. Kitabu hicho kiliendelea kuchapwa hadi 1860, na ndicho kitabu cha ufundi ambacho ningemshauri mtu aanze nacho hata leo, kwa sababu Evans anaandika kama mtu aliyelowa maji mwenyewe.

Gurudumu la pili nililitengeneza la kumwagiwa juu, nikalipa kipenyo cha sentimita 60, sawasawa na anguko. Hilo nalo lilikuwa kosa. Mvua iliponyesha maji ya chini yakapanda, ndoo za chini zikawa zinaburuzwa ndani ya maji, na gurudumu likachoka. Nilirudi kwenye vitabu nikaona kila mwandishi amesema, kwa mstari mmoja ambao jicho langu lilipita: acha nafasi chini. La tatu lina sentimita 45. Kosa jingine lilikuwa kuziacha gia za mbao nje zinyeshewe. Zilivimba, meno yakabanana. Nilikuwa nimeona michoro mamia inayoonyesha gurudumu nje ya ukuta na gia ndani, na sikuwahi kujiuliza ukuta unafanya kazi gani.

Meno yenyewe yana siri ambayo nataka uijue. Gia yangu ya kwanza ilikuwa na meno 60 ikiendesha ndogo ya meno 15. Inagawanyika vizuri, mara 4. Kwa hiyo kila jino la gia ndogo linakutana na meno manne yaleyale siku zote, na kama moja lina kasoro linawala wenzake hao hao mpaka wanakuwa na kovu. Mafundi wa vinu waliongeza jino moja la ziada: 61 kwa 15. Sasa kila jino linakutana na kila jino, na kuchakaa kunagawanywa sawa. Tulipofika hapo mpwa wangu, ambaye alikuwa na miaka kumi na moja, alihesabu kwa vidole na karatasi mpaka akajiridhisha mwenyewe.

Kuhusu upepo nitasema kwa ufupi zaidi kwa kuwa sijajenga, nimesoma tu. Kosa langu huko lilikuwa kudhani kila kinu cha upepo kinasaga nafaka. Nilinunua kitabu kuhusu Kinderdijk, Uholanzi, nikatafuta mawe ya kusagia kurasa nyingi. Vinu vile 19 kazi yake ilikuwa kuinua maji na kuyatoa kwenye ardhi iliyo chini. Wengine wa nchi hiyohiyo walipasua mbao kwa upepo tangu Cornelis Corneliszoon alipounganisha misumeno na mapanga kwa mkono wa shafti uliopinda, mwaka 1594. Kitabu cha Rex Wailes cha 1954 kuhusu vinu vya upepo vya Uingereza ni kizuri sana, lakini ni vya Uingereza. Usikitumie kuelezea dunia nzima.

Na hapo kwenye upepo ndipo nilipopata kipimo changu cha kitabu. Upepo ukiongezeka kasi maradufu, nguvu yake inakuwa mara 8. Maji unaweza kuyafungia lango. Upepo hauna lango. Kinu kikishikwa na dhoruba, breki ya mbao ikilazimishwa inaweza kuwaka moto, na vinu viliungua kwa namna hiyo. Upepo ukigeuka ukapiga kutoka nyuma, mapanga na kofia nzima, yaani paa linalozunguka na kuyabeba, vinaweza kung'oka. Ukishalijua hilo, tarehe zilizokuwa orodha kavu zinaanza kuongea: mwaka 1745 Edmund Lee anapata hataza ya feni ndogo ya nyuma inayokielekeza kinu kwenye upepo bila mtu, 1772 Andrew Meikle anatengeneza mapanga yenye vibao vya springi vinavyofunguka upepo ukizidi, 1807 William Cubitt anawezesha vibao vyote kurekebishwa bila kukisimamisha kinu. Watu watatu, miaka 62, na hofu moja. Kwa hiyo siku hizi nikipewa kitabu cha vinu naangalia kwanza kama kinaeleza kinu kinasimamishwaje. Mwandishi anayejua hilo amesimama ndani ya kinu. Asiyelitaja amekitazama kwa nje.

Bado jambo la fedha. Vitabu vingi vya zamani nilivyovitaja havina tena hakimiliki, na maktaba kubwa zimeviskani na kuviweka kwenye intaneti bure. Mimi sikujua, nikanunua nakala iliyochapwa upya ya kitabu kimoja cha karne ya 18. Ilipofika, kurasa za michoro zile za kukunjua zilikuwa zimeskaniwa zikiwa zimekunjwa. Nusu ya kila mchoro haipo. Muuzaji alinijibu kwamba ndivyo ilivyo. Kwa hiyo tazama kwanza nakala ya bure, hakikisha michoro imefunguliwa yote, ndipo uamue kama unahitaji karatasi. Neno la kutafutia ni molinolojia, elimu ya vinu, lililobuniwa na Mreno João Miguel dos Santos Simões mwaka 1965. Ukilitumia badala ya "vinu vya upepo" utaepuka picha za kalenda. Na Mills Archive ya kule Reading, Uingereza, iliyoanzishwa 2002, inahifadhi michoro na kumbukumbu za mafundi ambazo vitabu vingi havizifikii.

Mwaka wa tatu nilibahatika kuingia kwenye kinu cha maji kinachofanya kazi. Hakuna kitabu kilichoniandaa kwa mtetemo. Sakafu yote inapumua. Mwenye kinu hakutazama mawe hata mara moja. Alikuwa anakinga unga kiganjani, anausugua kwa kidole gumba, anasikiliza, kisha anageuza skrubu ya kuinua jiwe la juu kiasi ambacho jicho halioni. Mawe hayatakiwi kugusana, lakini yakiachana zaidi unga unakuwa mkubwa. Jiwe lile lilikuwa karibu na tani moja, naye alikuwa anaigawa nafasi ya unene wa karatasi kwa sikio na kidole. Nilielewa kwa nini mwaka 2017 UNESCO iliiweka kazi ya waendesha vinu wa Uholanzi, ile kazi ya mikono na si majengo, kwenye orodha yake ya urithi usioshikika. Nilimwuliza alijifunza kwenye kitabu gani. Akanitajia viwili, vyote ninavyo. Halafu akanishika mkono akauweka chini ya unga.

Mpwa wangu sasa ana miaka kumi na miwili. Wiki iliyopita alikuja, tukaenda kijitoni na gurudumu la tatu. Jiwe dogo la juu lilizunguka karibu mara 120 kwa dakika, kile chuma cha pembe nne kikigonga kihori, na unga ulitoka, wa kujaa kiganja kimoja. Aliusugua kwa kidole gumba kama nilivyomwonyesha. Kisha nafaka kwenye faneli ikakaribia kwisha, na mawe makavu yakikutana hutoa cheche.

"Mjomba, nilisimamishe?"

"Ndiyo, baba. Unajua wapi."

Akapanda juu akashusha kilango. Gurudumu likaenda mizunguko miwili zaidi kwa maji yaliyobaki kwenye ndoo zake, likatulia.